Posho ya Vihenge Vitupu

Paukwa! Semeni: Pakawa! Mbona wa nyuma hamjaitika? Paukwa! Haya, sasa twende.

Hapo zamani za kale, ukame uliunguza mashamba, wanyama wakalala njaa. Mfalme Tembo akaamuru kila mwezi ukiandama, kila nyumba maskini ipewe kibaba cha mtama. Akamtuma Kunguru akague. Kunguru aliangalia kihenge cha nafaka tu. Kikiwa kitupu, unapewa. Kikiwa na kitu, hupewi.

Bi Kindi alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mwezi wa kwanza Kunguru akachungulia kihengeni. Kitupu. Akampa kibaba. Watoto wakala, na yule mdogo, aliyekuwa hawezi kusimama, akasimama.

Mwezi wa pili Bi Kindi alikuwa amejinyima, ameweka viganja viwili vya mbegu. Kunguru akachungulia.

"Loo! Bibi umeshatajirika!"

"Ni mbegu hizo, bwana Kunguru. Mvua ikinyesha nipande."

"Mimi nakagua kihenge, sikagui mvua." Akaruka zake.

Mwezi huo ulikuwa mchungu. Yule mdogo akarudi kulala chini, hana nguvu.

Mwezi wa tatu, kabla Kunguru hajafika, Bi Kindi alimimina mbegu zote kinuni. Alilia huku akitwanga. Kunguru akachungulia. Kitupu. Akampa kibaba.

Masika yakaja. Shamba la Bi Kindi likaota magugu.

Mfalme Tembo akawaita wote barazani. "Nagawa, nagawa. Mbona maskini ni wale wale?"

"Wavivu, Mfalme," akasema Kunguru. "Vihenge vyao vitupu mpaka leo."

Bi Kindi akasimama. "Mfalme wangu, posho yako imeniokolea wanangu, nashukuru. Ila nilipoweka mbegu nilinyimwa, nilipozitwanga nikapewa. Nani asingetwanga?"

Tembo akaamuru: aliyeweka mbegu apewe posho mpaka avune. Naye Kunguru akavuliwa kazi, akapewa jembe na kibaba kimoja, ale na apande.

Mwezi ulipoandama, Mfalme mwenyewe akaenda kuchungulia kwa Kunguru. Kihenge kitupu, na shamba halina hata shimo moja.

"Mbegu ziko wapi?"

"Nilikuwa na njaa, Mfalme," akasema Kunguru, kichwa chini. Siku hiyo hakumwita mtu mvivu.

Basi, wenzangu, posho humtoa maskini njaani. Lakini ukiikata siku anapoanza kuinuka, umemfunza kubaki chini.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, tumeila pamoja. Ikiwa chungu, makapi nitayafagia mwenyewe.