Chuo cha Nani?

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akikosa hela alikuwa bado hajakosa mahali pa kwenda kupiga kelele, palikuwa na mji uitwao Kisambuni, na katika mji huo palikuwa na chuo. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja na wanafunzi arubaini, lakini jina lake lilivuma pwani nzima kwa jambo moja, nalo ni kuvuta kamba. Kila mwaka baada ya mavuno wanachuo wa Kisambuni walikutana na wanachuo wa Chongweni, mji wa jirani, wakashikana kamba ya usumba wa makumbi ya nazi, nene kama paja, na mji mzima ukatoka kwenda kutazama.

Wala usidhani kutazama kwao kulikuwa kutazama tu. Siri ya kamba ni kuvuta kwa pamoja, na wavutaji hawawezi kuvuta kwa pamoja pasipo watu wa kuwapigia mwendo. Basi mwitaji wa Kisambuni alikuwa Famau, mshona makubazi ambaye mwenyewe alitembea pekupeku, maskini wa kutupwa, lakini sauti alijaliwa. Famau alipanda juu ya jiwe akaita, "Chuo cha nani?" Umati ukaitika, "Chetu!" na katika ile "chetu" wavutaji wakavuta kwa pumzi moja, mpaka Chongweni wakaja mbele wakiburura visigino. Famau hakuwa na mke, wala shamba, wala mbuzi. Alikuwa na siku hiyo moja, na mwaka mzima aliishi akiingoja.

Sasa, sultani wa mji alikuwa Sultani Haidari, mtu mwema wa kupenda kushinda, na waziri wake alikuwa Shekuwe, ambaye akiona watu wamefurahi alikosa usingizi mpaka ajue furaha ile inaweza kuuzwa vipi. Siku moja Shekuwe akamwambia Sultani, "Bwana wangu, watu wako wanacheka bure. Tuzungushe ukuta, tuweke mlango, na kila aingiaye atoe riale." Sultani akaona ni shauri jema. Ukuta ukajengwa. Matajiri wakauziwa viti vyenye mito, mfanyabiashara wa nguo akanunua haki ya kushona alama yake mgongoni mwa wavutaji, na wavutaji wenyewe wakaletwa kutoka miji ya mbali, mibaba yenye shingo za fahali, wakalipwa vizuri. Wanachuo waliokuwa wakivuta zamani wakaambiwa wakae watazame. Ili Mwalimu Jahi, mwenye chuo, asinung'unike, Sultani akatia amri juu ya mlango kwa herufi kubwa: HAINGII MTU ILA KWA RIALE, ISIPOKUWA MWANACHUO, MAANA MCHEZO NI WA CHUO.

Ikawa siku ya kamba ikafika. Ndani, matajiri mia mbili walikaa juu ya mito wakila halua. Nje, mji wote ulisimama ukitazama ukuta. Famau akaweka jicho kwenye ufa wa mawe, akaita kwa nguvu zake zote, watu wakaitika, lakini sauti iligonga ukuta ikarudi. Kule ndani kila mvutaji alivuta kwa wakati wake, huyu akivuta yule anapumua, na kabla halua haijafika safu ya pili Kisambuni walikuwa wamelala kifudifudi mchangani. Loo, aibu iliyoje! Famau akalia pale ufani waziwazi, mtu mzima, na askari wakamkuta vivyo hivyo wakamkamata kwa kosa la kutazama bila kulipa.

Akapelekwa barazani. Sultani alikuwa amevimba kwa hasira.

"Ewe mshona makubazi, ulikuwa ukipiga makelele gani nyuma ya ukuta wangu?"

"Labeka, bwana wangu. Nilikuwa nikiita. Lakini wa kuitika walikuwa nje na wa kuvuta walikuwa ndani."

"Ndani nilikuwa na watu mia mbili! Viti vilijaa!"

"Naam, bwana wangu, na vinywa pia vilijaa. Mtu mwenye halua mdomoni utamwitisha nini?"

Baraza zima likainamisha nyuso lisionekane kucheka. Sultani akapiga fimbo chini. "Na hilo neno lenu, chetu, chetu! Nani kawaambia ni chenu? Ukuta wangu, kamba yangu, wavutaji nimewalipa mimi. Chuo ni changu!"

"Kama ni chako, bwana wangu, mbona hukuitika?"

Hapo Waziri Shekuwe akaona heri amkomoe. Akamnong'oneza Sultani, na Sultani akatabasamu, akasema, "Vema. Chongweni wamekubali turudiane Alhamisi ijayo. Nataka uwanja wangu ujae watu elfu wa kuitika. Lakini sikia: amri ya mlangoni haivunjwi hata nukta. Hakuna kutoboa ukuta, wala kuuruka, wala mtu kumlipia mwenziwe. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, uhame mji huu kabla jua halijachwa, wala usikanyage tena Kisambuni."

Famau akasema, "Nimesikia, bwana wangu," lakini moyoni alikuwa akihesabu. Watu elfu, na mifuko yao haina hata senti! Akatoka barazani akitembea ovyo, na miguu ikampeleka palipozoeleka, chuoni. Akamkuta Mwalimu Jahi akifuta vumbi kwenye mbao za kuandikia, akamsimulia yote.

"Pole, mwanangu," akasema Mwalimu. "Mimi mwenyewe, tangu wanangu wanyang'anywe kamba yao, chai hainipiti kooni."

Famau akaziangalia zile mbao. Akachukua mmoja, akaugeuzageuza, akauliza, "Mwalimu, hivi mtu huwaje mwanachuo?"

"Ah, hilo nalo la kuuliza? Huja na ubao wake na konzi ya bisi. Huandika alifu, herufi ya kwanza, mbele yangu, tukazila zile bisi pamoja. Basi, ameshakuwa mwanachuo, awe na miaka saba au sabini. Tangu babu yangu, hakuna aliyefukuzwa."

"Na ubao sharti uwe wa namna gani?"

"Uwe wa mti."

Famau akamkumbatia Mwalimu mpaka kilemba kikamtoka.

Basi siku sita hizo mji wa Kisambuni ulinukia bisi. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, wachukuzi, wasusi, wakulima, wavuvi, vikongwe na wajukuu wao, kila mtu na ubao wake: huyu kang'oa mlango wa banda la kuku, huyu kaleta mwiko, huyu mbuzi ya kukunia nazi. Na kila mmoja akachora alifu yake kwa mkaa, mstari mmoja wima, Mwalimu akatazama, akasema, "Ahsante, karibu chuoni," akatafuna bisi moja. Siku ya nne taya zilimuuma, akawa bisi anazigusa tu.

Alhamisi alasiri bawabu akaona kundi linakuja, akanyoosha mkono. "Riale!"

Mbele alikuwa Bi Mwanatongo, muuza vitumbua, bibi wa miaka sabini na kitu. Akainua mwiko wake. "Riale ya nini, baba? Mimi mwanachuo. Soma hapo juu yako."

Bawabu akasoma, akakuna kichwa, akamwita Waziri, na Waziri akaja na Sultani. Shekuwe akapiga kelele, "Huu ni udanganyifu! Hawa si wanachuo! Bibi, somo lako ni lipi?"

"Alifu, bwana mkubwa. Nimeanza juzi. Jumamosi naingia be."

Sultani akamgeukia Famau kwa ukali. "Mstari mmoja wa mkaa ndio usomi?"

Famau akasujudu. "Bwana wangu, mimi sijui usomi. Najua amri yako tu. Lakini ikiwa mstari mmoja ni mchache, tuwaulize na wale wavutaji, maana hata wao hawakutoa riale mlangoni."

Sultani akamwita mvutaji mkubwa kuliko wote. "Wewe, alifu ni nini?"

Lile jibaba likafikiri sana, jasho likalitoka. "Bwana wangu," likasema kwa adabu, "ni samaki?"

Kicheko kilianzia kwa Bi Mwanatongo, kikampitia bawabu, kikamfika Sultani, naye akacheka mpaka akaegemea ule ukuta wake. Alipopata pumzi akasema, "Amri yangu ni amri yangu. Mwenye alifu aingie. Asiye na alifu alipe riale akae kwenye mto!"

Basi watu elfu wakaingia na milango yao na miko yao, na wale wanachuo wa zamani wakarudi kwenye kamba. Famau akapanda juu ya jiwe. Akaita:

"Chuo cha nani?"

"Chetu!" na mbao elfu zikagongwa.

Chongweni walikuwa hodari, walishikilia, na kamba ikasimama katikati ikitetemeka. Famau akaita tena, na tena. Matajiri wakatema halua wakaitika. Na mara ya mwisho kabisa, sauti moja nene ikasikika nyuma ya zote, ya mtu aliyesahau nafsi yake, amesimama juu ya kiti cha enzi, kilemba mkononi: "Chetuuu!" Alikuwa Sultani Haidari. Chongweni wakaja mbele kwa visigino.

Sultani akashuka, sauti imemkauka, akasema, "Famau, omba utakalo."

"Bwana wangu, naomba kamba hii kwa saa moja tu."

Akapewa. Akaifunga kwenye nguzo za mlango, akawaweka watu elfu upande mmoja, Chongweni wakaja kusaidia, akaita mara mbili tu. Waziri Shekuwe alikuwa bado anahesabu hasara wakati vumbi la ukuta ulioanguka lilipotua.

Jumamosi chuo kilifurika mpaka barabarani, na mstari wa mbele lilikaa lile jibaba la shingo ya fahali, limeinama juu ya ubao wake, likichora alifu taratibu, ulimi nje. Yaliyonifikia ni hayo. Asiyeamini na aende Kisambuni, akautafute ule mlango.