Kisima cha Asilimia Tisini

Sogeeni, wenye kiu na wenye vyeti. Ukame ulikuwa umetimiza mwaka wa tatu, mbuga nzima inalamba umande. Mfalme Simba, na majivuno yake yote, hakuwa amechimba hata shimo la kumzikia panya. Ila alikuwa na Sungura, Mkurugenzi wa Mawasiliano Ikulu: suti kali, mdomo mkali zaidi.

Sungura aliwafundisha kasuku watatu sentensi moja, akawapandisha miti mitatu: "Kisima cha Mlimani kimefikia asilimia tisini!" Mnyama akisikia jambo kutoka pande tatu, anaamini. Strategy yote ndiyo hiyo. Full stop.

Kobe, aliyesomea maji mpaka gamba likamchubuka, akaja ofisini kwa Sungura na vyeti kwapani.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mlimani hakuna maji. Yako bondeni, nipeni majembe tu."

"Una experience ya miaka mingapi?"

"Ndiyo kwanza nimehitimu."

"Acha CV hapo, dogo. Tutakupigia."

Hakupigiwa. Akaenda zake bondeni, akaanza kuchimba kwa kucha.

Wanyama wakachoka, wakamtimua Simba. Fisi akashika kiti, na siku ya kwanza tu akala mapazia ya ikulu. Sungura akajipeleka kama mshauri huru.

"Bosi, bila mimi humalizi mwezi."

Fisi akajilamba. "Kasuku wako ninao. Wewe nikuweke wapi, kwenye mchuzi?"

Sungura alichomoka, koti likabaki mlangoni.

Miezi miwili, simu kimya. Ule ulimi uliolisha ikulu nzima ukakauka kama soli ya kiatu. Asubuhi moja akasikia mti wa kwanza: "Kisima cha Mlimani kimefikia asilimia mia!" Wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu.

Moyo ukamruka. "Mimi niliondoka tukiwa tisini," akajiambia. "Wallahi, jamaa wamemalizia!"

Akapanda mlima mpaka jua likawa utosini. Kileleni akakuta miiba, jiwe la msingi lenye jina la Simba, na utepe aliokuwa ameufunga mwenyewe.

Akaserereka kwa makalio hadi bondeni. Huko maji yalikuwa yanabubujika, foleni ndefu, na kila mnyama anatoa kikapu kimoja cha tope kisimani kabla ya kunywa. Kobe alikuwa ukingoni, tope mpaka shingoni.

"Shikamoo, kaka Kobe!"

"Marahaba. Umewahi kubeba tope?"

"Mimi? Mimi ni wa mikakati, bwana."

"Basi experience huna. Acha jina hapo, tutakupigia."

Foleni ikaangua kicheko, Twiga akapaliwa na maji.

"Kaka, nakufa! Nimebakiza nini ninywe?"

Kobe akamtupia kikapu. "Kidogo tu, mheshimiwa. Uko asilimia tisini."

Sungura akainama, akachota tope. Nanyi mnaotangaza maji msiyoyachimba, foleni ile pale. Kaeni nyuma yake, kila mtu na kikapu chake.