Hotuba ya Hondohondo Juu ya Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, wajukuu zangu. Hii si ya kubembelezea usingizi.

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama walilima bonde moja. Kila nyumba ilining'iniza shada la mtama wa mbegu juu ya jiko, lipate moshi, wadudu wasilile. Shada hilo haliliwi. Njaa ije, mtu alale akilitazama, haliliwi.

Kwale alikuwa mjane, ana vifaranga sita na shada moja.

Siku moja mkubwa wao, Hondohondo, akapanda juu ya kichuguu. Mdomo ule mnaujua. Akasema, "Ndugu zangu, naleta mtama mpya. Unavunwa mara tatu kwa mwaka. Hayo mashada yenu ya moshi ni aibu. Yashusheni, tuyapike, tusherehekee maendeleo."

Makofi, pa pa pa.

Kwale akauliza, "Mzee, huo mtama mpya uko wapi?"

"Uko njiani."

Ngiri akacheka. "Mama Kwale, wewe utazikwa na masizi yako."

Kwale akaona haya. Akashusha shada, akapika kama wenzake. Vifaranga wakashiba siku moja.

Mvua ikaja. Wanabonde wakamwendea Hondohondo, "Mzee, mtama?"

"Uko njiani."

Mashamba yakaota magugu. Wakamwendea tena. Akapanda kichuguu, akahutubia tangu umande hadi jua la utosi, na mwisho wake ni ule ule: "Uko njiani." Wakapiga makofi, mikono haina nguvu.

Kwale akazika kifaranga. Akazika wa pili.

Ndipo akaenda mtini kwa Hondohondo kuomba. Mwenyewe hayupo. Mkewe anaatamia, na mila yao mke akiatamia huzibiwa mlango kwa udongo, ukabaki ufa tu.

"Shoga, nigawie punje."

"Ningekupa, Kwale. Ila mume wangu kasema haya mashada ya mbegu yasiguswe."

Kwale akachungulia. Mashada matatu, meusi kwa moshi, yananing'inia.

Hakulia. Alikwenda kuita bonde zima, wakaja, wakachungulia mmoja mmoja. Mke mwenyewe akayapitisha ufani. Mvua ilikuwa imebaki kidogo, wakapanda.

Hondohondo aliporudi, moja kwa moja kichuguuni. "Ndugu zangu..."

Kwale akamtupia jembe miguuni. "Sema huku unalima. Mimi nimezika wawili nikikupigia makofi."

Bonde zima likamzunguka. Akalima, akasema. Akalima, akasema. Akalima, pumzi ikakata. Mpaka leo hondohondo hana neno, anahema tu: huu, huu, huu.

Na katika bonde lile, mkubwa akitaka kuhutubia, anakabidhiwa jembe kwanza.

Mtama uliota. Vifaranga wawili hawakurudi. Kwa hiyo msiniulize kama ulikuwa mtamu.

Hadithi yangu imeishia hapo, lilipo jembe.