Ngoma ya Wakinga Maji

Niilete ngano, nisiilete?

Ilete!

Ikija mtaiweka wapi?

Masikioni!

Haya. Na wewe unayeitikia huku unapiga miayo, sogea mbele nikuone vizuri.

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakisemezana na kualikana ngomani, kulikuwa na mto mpana wenye maji ya kasi. Kila mwaka nyasi zilipoisha upande huu, wanyama walivuka kwenda upande wa pili. Wakubwa walijivukia wenyewe. Shida ilikuwa watoto.

Basi wakajiwekea desturi. Siku moja kabla ya kuvuka, ilipigwa ngoma. Wenye nguvu waliingia uwanjani wakacheza, na kila mama akachagua mmoja wao awe mkinga maji wa mwanawe. Kazi ya mkinga maji ilikuwa kuogelea ubavuni mwa mtoto, upande maji yanakotoka, ili mkondo umpige yeye kwanza. Mama mwenyewe hakuruhusiwa. Walisema mama akimwona mwanawe anakunywa maji hupapatika, wakazama wote wawili.

Sasa, alikuwapo Mama Pundamilia. Mwaka uliotangulia alimchagua Swala. Na nani asingemchagua? Swala aliruka, akaruka, akaruka, mpaka uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mama Pundamilia naye akapiga, akamkabidhi kifungua mimba wake. Walipofika katikati ya mto Swala akaishiwa na pumzi, akajiokoa mwenyewe. Mtoto akaenda na maji.

Jamani, acheni tu. Mama yule alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mungu si Athumani, akapata mwingine. Alimwita Chelewa, maana alizaliwa wenzake wameshajua kukimbia. Siku ya ngoma ilipofika tena, Chelewa alikuwa bado kadogo, miguu myembamba kama vijiti vya kuchochea moto. Mama akamlamba utosini, akajisemea moyoni, "Mwaka huu nikikosea, sibaki na mtoto."

Nyani akashika ngoma. Wote wakaimba:

Ingia tukuone, ee,
Ingia tukuone.

Akaingia Swala. Akaruka, akaruka, akaruka. Vigelegele kama kawaida. Lakini safari hii Mama Pundamilia hakutazama anavyopaa, alitazama anavyotua. Kila akitua, miguu ilipanuka na mbavu zikapanda na kushuka. Mama hakumchagua.

Ingia tukuone, ee,
Ingia tukuone.

Akaingia Nyumbu dume. Huyo alikuwa na kifua, si mchezo. Akatikisa shingo, akazunguka kama pia, vumbi likafunika uwanja. Ngoma iliponyamaza yeye bado anakwenda, akayumba kushoto, kidogo amkanyage mtoto wa watu aliyekaa pembeni. Huyo naye mama akampita.

Ingia tukuone, ee,
Ingia tukuone.

Akaingia Pofu, yule mnyama mkubwa wa pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia shingoni. Umri ulikuwa umemwendea. Na mnajua Pofu akitembea magoti yake hulia: ta, ta, ta. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mjomba," Nyani akasema, "hayo magoti yanaomba mafuta."

Pofu akaingia katikati. Akacheza chini chini, bila kuruka. Alitanguliza kwato, akaipapasa ardhi, ndipo akaukabidhi mguu uzito wake. Nyani kwa utundu wake akaiharakisha ngoma. Magoti yakaharakisha, ta-ta-ta. Akaipunguza. Magoti yakapunguza, ta, ta, ta. Mwisho akaikata ghafla. Pofu akasimama papo hapo, mguu mmoja bado uko juu, wala haukutetemeka. Pumzi zake zilikuwa za mtu aliyeketi kwake.

Mama Pundamilia alikuwa amefumba macho anasikiliza. Akayafumbua akasema, "Nimempata."

Jirani yake, Mama Nyumbu, akamvuta pembeni. "Mama Chelewa, umerogwa? Huyo atamfikisha mtoto ng'ambo mwezi ujao."

"Nataka huyo huyo, shoga."

"Haya, mimi na Swala wangu. Mwaka jana maji yalizidi tu."

Mama Pundamilia akamwendea Pofu, akapiga goti. "Mjomba, nakukabidhi mwanangu. Sina mwingine."

"Nimesikia, mama," Pofu akasema.

Asubuhi wakavuka. Chelewa alijibana ubavuni mwa Pofu, na maji yakaja na hasira zake zote. Pofu akapapasa jiwe, akalikanyaga. Akapapasa la pili, akalikanyaga. Mawe yalipoisha akaogelea, hana haraka, hana papara.

Walipofika katikati, Swala akaishiwa na pumzi, akageuka akarudi. Mtoto wa Mama Nyumbu akaanza kuchukuliwa na maji.

"Ng'ata mkia wangu," Pofu akamwambia. "Usiuachie."

Ng'ambo, Mama Pundamilia alikuwa amesimama maji yakimfika magotini. Halafu akaziona pembe, kisha akaona masikio mawili madogo, kisha mengine mawili nyuma. Chelewa alipokanyaga mchanga, mama yake alimlamba kuanzia masikioni hadi mkiani, akarudia tena. Mama Nyumbu naye alikuwa amemkumbatia wake, analia tu.

Ikapigwa ngoma ya shukrani. Waliocheka jana ndio waliopaza sauti leo: "Pofu, Pofu!" Mzee wa watu akaingia uwanjani. Ta. Ta. Kimya. Ta. Wote wakashangilia, maana walikuwa wanamtazama shujaa. Mama Pundamilia alitazama miguu. Ule wa nyuma ulikuwa unatetemeka, na kwato haikupapasa tena, ilianguka tu. Alijua kwamba mto ulikuwa umechukua nguvu zake zote.

Akaingia uwanjani taratibu, akaweka bega lake chini ya bega la Pofu.

"Niegemee, mjomba."

"Watu wanatutazama, mama."

"Watadhani tunacheza."

Pofu akaegemea. Mama Pundamilia akahisi uzito wake wote, akakaza miguu. Wakaenda hivyo hivyo, polepole, hadi ngoma ilipokwisha, na uwanja ukasema haujapata kuona uchezaji mzuri kama ule.

Ndiyo maana nawaambia, mtu akicheza mwili wake unazungumza. Utakwambia nguvu zake, pumzi zake na uthabiti wake, na utakwambia pia alipochoka. Msiishie kupiga vigelegele. Mtazameni vizuri, mjue nani wa kumwegemea, na mjue lini ni zamu yenu kumpa bega.

Ngano imefika ng'ambo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mwenyewe.