Boneti ya Moto

Asubuhi hiyo Bibi Kibua alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, ungo uko miguuni, wakati mjukuu wake Ridhiwani alipotokea mbio na simu mkononi kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Bibi, tazama! Gari la milango miwili, lile la kukimbia kabisa. Jamaa anauza bei ya kutupa. Nisipotuma pesa leo, linachukuliwa."

Tatu, dada yake mdogo, alishachungulia kabla ya bibi. "Hilo utapakia nini? Hata gunia la mkaa haliingii."

"Nani kakwambia napakia mkaa?"

Bibi Kibua akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho. Gari lilikuwa jekundu, limeinama mbele kama paka anayevizia panya. Picha ilipigwa asubuhi, maana paa lote lilikuwa limelowa umande na vioo vimefunga ukungu. Boneti peke yake ilikuwa kavu.

Akarudisha simu. "Boneti ya moto haitajiwi bei," akasema, akashika gunzi lingine.

"Hiyo methali ya wapi?" Tatu akauliza. "Shuleni hatujawahi kuisikia."

"Hamkuisikia kwa sababu walioianzisha hawakuwa walimu. Ni ya huku huku kwetu Soni. Kaeni chini. Na wewe Ridhiwani, weka hiyo simu. Gari halitakimbia mpaka nimalize."

Wakakaa. Bibi akaanza.

Zamani hizo magari huku mlimani yalikuwa ya kuhesabika, na mtu akitaka kuuza gari hakutaja bei yake mwenyewe. Ilikuwa aibu. Muuzaji na mnunuzi walimwita mtaja bei. Desturi yenyewe ilitoka mnadani, kwa ng'ombe. Mtaja bei aliweka kiganja juu ya mgongo wa mnyama, akasema uzuri wake na ila zake mbele ya watu, halafu akataja bei. Mkono ukishaondoka mgongoni, hakuna wa kubisha. Na chochote alichokitaja mkono ukiwa pale kilikwenda na mnyama: kamba yake, kengele yake, ndama wa tumboni, hata ugonjwa wake. Magari yalipofika, watu hawakuona sababu ya kutunga sheria nyingine. Kiganja kikahamia kwenye boneti.

Mtaja bei wa Soni aliitwa Shehoza. Alikuwa fundi zamani, mrefu, mkimya, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kupendelea mtu. Aliwahi kulishusha bei gari la mkwewe mwenyewe, mkewe akamnunia mwezi mzima. Ila alikuwa na kiburi kimoja. Aliamini kwamba hakuna kitu kwenye gari ambacho mkono wake hauwezi kukijua.

Sasa, Shehoza alikuwa na mpwa, Kaoneka, mtoto wa dada yake. Kijana mcheshi, mwenye maneno, kazi yake kununua matunda mlimani na kuyauza Mombo. Kaoneka alikuwa anaoa Ijumaa ile, na alikuwa amejiapiza kwamba bibi harusi hatapanda lori la kabichi. Atamchukua na gari la Singano.

Gari la Singano kila mtu alilijua. Milango miwili, jeupe, lina mstari mweusi katikati, sauti yake ilifika kabla yake. Singano mwenyewe alikuwa akishindana na kona za mlima kila siku ya ukungu, peke yake, bila mtu wa kushindana naye. Siku moja alitoka, gari likarudi, yeye hakurudi. Lilikutwa bandani kwake, limezimwa, mlango umefungwa. Watu wakasema katoroka na mwanamke wa Mombasa. Maneno yale yalikuwa rahisi kuyabeba, basi wakayabeba. Mkewe, Bi Mwajabu, hakuyabeba. Alisubiri, akachoka, mwisho akasema gari linauzwa.

Shehoza akaitwa. Alifika asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Kaoneka alishafika, ananukia sabuni. Bi Mwajabu akafungua kufuli la banda, akasimama nje. Hakuingia.

"Lini mara ya mwisho liliwashwa?" Shehoza akamuuliza.

"Mimi siliwashi, kaka yangu. Toka aondoke halijawashwa."

Shehoza akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka. Ilikuwa na joto. Siyo joto la kuunguza, joto la mgongo wa ng'ombe aliyetoka malishoni.

Akatabasamu kidogo. Ujanja huo aliujua. Gari lenye ugonjwa wa kuwaka asubuhi, muuzaji huliwasha mapema kabla wageni hawajafika, likiwa moto linaitika mara moja, ukadhani ni zima. Ndiyo maana gari hulipimi mpaka ulikute baridi. Hata fundi wa juzi anajua.

"Bi Mwajabu, hili limetembea leo."

"Halijatembea." Mama wa watu akashika ukingo wa mlango. "Ila halipoi. Nimeshakwambia ukweli wangu."

Shehoza akamwona mama wa watu ni mjanja, akamsamehe moyoni, maana mwanamke aliyekimbiwa na mume ana shida zake. Akasema hataji bei siku hiyo. Akachukua ufunguo wa gari, akafungua betri, akaibeba begani mpaka kwake. Kufuli la banda akaweka la kwake mwenyewe.

"Mjomba, unamwogopa hata mwanamke aliyeachwa peke yake!" Kaoneka akamtania njiani. "Betri yenyewe unaibeba kama mtoto mchanga."

"Gari baridi halisemi uongo, mjomba wangu. Subiri kesho."

Kesho yake alifungua kufuli lake kwa mkono wake. Banda lilikuwa giza na lilinuka majani mabichi. Akaweka kiganja. Joto lile lile, kwa kweli lilikuwa limezidi. Akaganda pale, mkono juu ya bati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akausikiliza mkono wake asielewe ulichokuwa unamwambia.

Akachuchumaa. Matairi yalikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi. Kwenye bampa ya mbele kulikuwa kumenasa jani la dege, ile mimea ya bondeni inayoota chini ya kona ya Kwemtindi, mahali ambapo hata mbuzi hashuki. Akalichomoa. Lilikuwa na maji.

Mtu mwingine angefunga banda akaenda zake. Lakini nje watu walishaanza kujaa, maana mtaja bei hataji faraghani, na walikuwa wanacheka. "Shehoza siku hizi anapima kwa awamu!" mmoja akapiga kelele. "Ameona gari zuri, anataka kulioa yeye!" Kaoneka alikuwa katikati yao, hacheki. Macho yamemtoka kwa hamu.

Shehoza akajiambia: mama ana betri nyingine, na kufuli langu la bei rahisi. Jani ameliweka mtoto. Akajiambia hivyo kwa sababu kulikuwa na watu.

Basi akalipima. Akafunga mlango akasikiliza unavyoingia mahali pake. Akapitisha kucha kwenye rangi kutafuta palipopigwa upya. Akanusa oili. Akaangalia kanyagio, maana gari la mbio linazeeka kwenye kanyagio kabla ya kuzeeka mahali pengine, akakuta la mafuta limelika likang'aa. Akaangalia matairi, yameliwa upande wa ndani kama ya mtu anayekata kona kwa hasira. Kwenye kiti cha dereva, mkanda ulikuwa umefungwa, umebana, kama kuna mtu aliyekaa. Akaufungua. Ulikuwa mgumu kuachia.

Akatoka garini, akasimama mbele ya boneti, akaweka kiganja, watu wakasogea.

"Gari ni la Singano, mwili wake mzima, haujagongwa. Injini ina nguvu. Hayo nayaongezea. Kanyagio limekwisha, matairi mawili yamekwisha. Hayo nayakata." Akatazama bati chini ya kiganja chake. "Na lina joto lisilojulikana limetoka wapi. Na hilo nalikata."

Bi Mwajabu, aliyekuwa amesimama mbali, akaja mbio mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Shehoza, hilo usilitaje! Taja matairi, taja unachotaka. Joto liache, si lako!"

"Dada, kila kilichopo hutajwa. Ndiyo haki ya mnunuzi."

"Nakuomba. Ulitoe mdomoni kabla mkono haujatoka."

"Mjomba, taja bei," Kaoneka akasema. "Taja, tafadhali. Kesho kutwa naoa."

Shehoza akamtazama mpwa wake, akawatazama watu. Akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, nusu shilingi huwezi kuongeza wala kupunguza. Akaondoa mkono.

Bi Mwajabu akaokota kanga yake, akajitanda. "Umelitaja," akasema taratibu. "Basi ni lenu."

Kaoneka alilipa siku ile ile. Betri ikarudishwa, gari likawaka mara moja, watoto wakalikimbilia mpaka barabarani. Alasiri akasema anashuka Mombo kuchukua viatu vyake vya harusi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Shehoza alimwona akipita, anapunga. Baadaye Shehoza alisema kuna kitu kilimsumbua. Kaoneka alikuwa anapunga kwa mikono yote miwili, na gari lilikata kona vizuri.

Hakurudi jioni. Hakurudi usiku. Alfajiri mtu akaja kutoka kwa Bi Mwajabu: njoo.

Kufuli la banda lilikuwa limefungwa, lile lile la Shehoza alilolifunga gari lilipotoka, na ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni kwake. Akafungua. Gari lilikuwa ndani, limelowa, limetulia. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na boksi la viatu, halijafunguliwa. Kwenye kiti cha dereva mkanda ulikuwa umefungwa, umebana, na hapakuwa na mtu.

Shehoza akaweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa baridi. Baridi kama jiwe la mtoni. Hapo ndipo mkono wake ulipomwambia kile ulichokuwa unamwambia toka mwanzo: joto lile halikuwa kasoro ya gari. Lilikuwa njaa yake.

Walimtafuta Kaoneka bondeni, wakamtafuta Mombo, wakatuma watu mpaka Mombasa. Hakuna kitu. Na siku waliyosoma arobaini yake, Shehoza alipita bandani, akagusa. Boneti ilikuwa imeanza kupata uvuguvugu. Akaleta matofali na udongo, akaliziba banda mlango na dirisha kwa mikono yake, gari likiwa ndani. Watu wakamuuliza kwa nini halichomi, au kwa nini halitupi bondeni. Akasema atakayelisogeza atakuwa amelichukua.

Hakutaja bei tena mpaka anakufa. Vijana walipokuwa wanakuja kumwomba, alikuwa anawajibu maneno yale niliyomwambia Ridhiwani, basi. Na watu wakayachukua, wakayatumia kwa magari, kwa mashamba, kwa wachumba, kwa kila kitu kinachokujia tayari kimepashwa.

Bibi Kibua akaweka gunzi la mwisho chini. Mahindi yalikuwa yameisha kwenye magunzi na hakuna aliyeona yalivyoisha.

"Banda lenyewe bado lipo?" Tatu akauliza kwa sauti ndogo.

"Lipo. Ukungu ukija, mijusi inakwenda kulala kwenye ukuta ule."

"Kwa nini?"

"Wewe unafikiri mjusi anapenda nini?"

Tatu akasogea karibu na bibi yake. "Na yule mchumba? Wa Kaoneka?"

"Alikaa na hina mikononi mpaka ikafutika. Halafu akaja kuolewa na mtu mwingine." Bibi akainua ungo, akapepeta makapi yakaruka uani. "Mtu wa baiskeli."

Ridhiwani na Tatu wakageuka wote wawili. Ukutani, juu ya mlango, ilikuwa imetundikwa baiskeli ya marehemu babu yao, tairi zimepasuka, kengele bado inang'aa kwa sababu kila wiki kuna mtu anaifuta.

Ridhiwani akachukua simu yake. Akaitazama tena ile picha: umande kwenye paa, umande kwenye majani, boneti kavu. Bei ilikuwa nzuri. Bado ilikuwa nzuri sana. Akaandika polepole, Tatu akisoma begani kwake:

"Kaka, nitakuja kesho alfajiri kuliona. Naomba usiliwashe kabisa. Nataka nilikute baridi."

Akatuma. Muda si muda alama mbili zikageuka bluu. Jamaa amesoma. Wakasubiri. Bibi akaweka mahindi jikoni, akayachemsha, wakala. Jua likapita juu ya nyumba, na Ridhiwani akawa anaigeuza simu kila mara, iliyokuwa ikimwambia bei ni ya leo tu, iliyokuwa ikimwambia harakisha, sasa imenyamaza.

"Amejibu?" Bibi akauliza jioni, wakati ukungu unaanza kushuka na wanaingiza kuku.

"Hajajibu, Bibi."

"Basi ameshajibu. Boneti ya moto haitajiwi bei."

Ridhiwani akatazama simu kwa mara nyingine. Ujumbe wake ulikuwa pale pale, peke yake, chini yake hakuna kitu.