Vyuo Vitatu vya Watoto wa Mama Mbonea

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani hii ambayo machozi yake bado hayajakauka, palikuwa na mama mmoja wa Usangi, kule milimani Upareni. Watu walimwita Mama Mbonea, mke wa Mzee Senkondo. Mungu alimjalia watoto watatu wenye akili kama wembe: Mbonea, kifungua mimba, Nakiete, binti yake wa pekee, na Kirumbe, kitinda mimba.

Wakasoma, wakafaulu, wakavuka bahari. Wote watatu wakaenda Chicago, mji mkubwa wa Marekani, mji wa upepo na baridi ya kukata masikio. Mji mmoja, lakini vyuo vitatu. Mbonea alisomea udaktari katika chuo cha kusini, chenye majengo ya mawe kama ngome. Nakiete alisomea sheria katika chuo cha kaskazini, kando ya ziwa, wanakopelekwa watoto wa wakubwa. Kirumbe alisomea uhandisi katika chuo cha katikati, chuo cha umma, cha zege tupu, kinachopokea watoto wa wahamiaji na wa wasukuma mikokoteni.

Basi wakikutana kula, hawali. Wanashindana.

"Chuo chetu ndicho kichwa cha mji huu," husema Mbonea. "Maprofesa wetu dunia nzima inawajua."

"Kichwa bila mkono ni nini?" hujibu Nakiete. "Majaji, mawaziri, wenye kampuni, wote wametoka kwetu."

Kirumbe akifungua mdomo, wale wawili hucheka. "Wewe nyamaza, mdogo wetu. Kwenu ni stendi ya mabasi. Kila mtu anaingia."

Naye Kirumbe huinamia sahani yake. Kicheko kile kilimwingia kidogo kidogo, kama maji kwenye ukuta wa udongo.

Mama yao akaja kuwatembelea. Alifikia kwa Kirumbe, kwa kuwa chumba chake kilikuwa na jua. Akawapikia makande, akawaita wote. Wakaja, wakashindana mpaka chakula kikapoa. Mama akasema, "Wanangu, mimi nilizaa watoto. Sikuzaa vyuo." Wakacheka, wakamwomba radhi, wakaanza tena.

Asubuhi moja theluji ilikuwa imeanguka sana. Mama alikuwa amesimama jikoni, kikombe kikamponyoka. Kirumbe akakimbia, akamkuta ameegemea ukuta, mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa.

Dirishani palionekana hospitali ya chuo chake mwenyewe. Ilikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara kuu. Kirumbe akashika simu aite gari la wagonjwa. Kisha kicheko kile kikamrudia masikioni. Akampigia kaka yake kwanza.

"Mdomo umepinda?" akauliza Mbonea. "Hicho ni kiharusi. Usimpeleke huko kwenu! Kwetu kuna bingwa wa ubongo, hakuna kama yeye mji mzima. Ninakuja na gari."

Akampigia dada yake. Nakiete akalia, kisha akasema, "Mbonea anataka kumfanya mama kitu cha kujisifia. Aletwe kwetu kaskazini, ninamjua mkuu wa hospitali. Asitoke mpaka nifike."

Kirumbe akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, hospitali ni hii hapa. Nikubebe?"

Mama akajibu kwa ulimi mzito, "Wangoje wenzako. Ukiamua peke yako, hawatakusamehe. Mimi nitavumilia, baba. Msigombane tu."

Kirumbe akangoja. Theluji ilikuwa imeziba barabara za kusini, imeziba na za kaskazini. Mama akawa haongei tena.

Mbonea akafika, Nakiete akafika. Mnadhani walimbeba? Mbonea alishika mabega ya mama, Nakiete akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Nipishe, Nakiete! Mimi ndiye daktari!"

"Bado hujawa daktari. Na mama si mtihani wako."

Hapo Kirumbe akapiga ukelele ambao hawakuwahi kuusikia kwake. Akamsukuma dada, akamsukuma kaka, akambeba mama mgongoni, akavuka naye ile barabara katika theluji. Wauguzi wakampokea mbio. Baadaye daktari akatoka, mtu mpole, akasema, "Pole sana. Mngemleta mapema, huenda tungekuwa na la kufanya."

Mama Mbonea hakuamka tena.

Wakamrudisha Usangi. Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nyimbo zikaimbwa, jeneza likashushwa. Mchungaji akasema, "Familia itangulie na udongo."

Hakuna aliyeinama.

Mbonea akasema, "Mimi sistahili. Wenzangu hawakuujua ugonjwa ule. Mimi niliujua. Nilijua kwamba mgonjwa wa namna ile hangojeshwi, nikamngojesha, kwa sababu nilitaka apone kwetu."

Nakiete akasema, "Mimi sistahili. Yeye alikuja kumchukua. Mimi nilisimama mlangoni. Mama ananitazama, mimi ninajibizana."

Kirumbe akasema, "Mimi sistahili. Nyinyi mlikuwa mbali. Mimi nilikuwa naye, na mlango wa hospitali ninauona. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kufiwa."

Dada wa marehemu, mama mkubwa wa watoto hao, akawaambia, "Mbona mwajitwika peke yenu? Mama yenu ndiye aliyesema mngojane. Alinunua amani yenu kwa roho yake. Mwacheni na fungu lake."

Ndipo baba yao, Mzee Senkondo, akatoka katikati ya wazee. "Hapana, shemeji. Kila nilipowapigia simu sikuuliza, 'Mmekula? Mnapendana?' Niliuliza, 'Nani yuko juu?' Kisha nikapita kanisani na sokoni nikijivuna. Mashindano yale niliyapanda mimi. Mimi ndiye nisiyestahili."

Wakatazamana, baba na watoto watatu, na kaburi wazi kati yao. Udongo mwekundu ulikuwa umelundikwa pale, umeanza kukauka kwa upepo. Wanawake wakaacha kuimba. Mchungaji akafunga kitabu, akangoja. Kijiji kizima kikangoja.

Na nyinyi mnaonisikiliza, msiangalie chini. Nanyi mna watoto, nanyi mna ndugu. Mkono wa nani ulistahili kutangulia kumfunika mama yule? Na wa nani ulistahili kubaki mtupu?