Kakakuona Aliyeona Haya Kumwandikisha Mtani

Paukwa!

— Pakawa!

Wakubwa mbona mmenyamaza? Hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

— Pakawa!

Zamani hizo, kale ya kale, wanyama ndio waliokuwa na magari, sisi tulikwenda kwa miguu. Palikuwa na Kakakuona, na mkewe Mama Siwatu, na mtoto wao Siwatu, mdogo bado, kila waendako kapanda mkia wa mama yake. Walikuwa na gari. Gari dogo la mizigo, la bluu, limechubuka ubavuni, lakini likiwashwa linaitika: tu-tu-tu, vruum! Walilipata kwa jasho. Miaka mitatu walikamata kumbikumbi, wakawaanika, wakawauza.

Mwaka huo mvua zikagoma. Kumbikumbi hawakuruka. Ghala likawa tupu. Kiangazi kinakuja, na mtoto anataka kula.

"Baba Siwatu," mke akasema, "gari haliliwi. Tuliuze tupate akiba ya kiangazi."

"Tuliuze," mume akasema.

Wa kwanza kuja alikuwa Nyegere, mfuga nyuki. Nyegere hana maneno mengi. Akalizunguka gari, akalipiga gurudumu teke, pu! "Magunia saba ya kumbikumbi wakavu. Jioni nayaleta yote."

Wa pili alikuwa Tumbili. Sasa, Tumbili na Kakakuona ni watani, ukoo kwa ukoo, tangu mababu. Utani mnaujua nyie. Mtani anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu, anakutukana mbele ya wageni, nawe unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mbaya.

"Mtani wangu! Kumbe hujafa?" Tumbili akasema. "Nyegere anakupa saba? Anakuibia huyo! Mimi natoa kumi. Moja leo, na kila mwezi ukiandama moja, mpaka yatimie."

Kumi! Kakakuona akameza mate.

Mama Siwatu akamvuta pembeni. "Chukua saba ya Nyegere, tuyaone kwa macho. Na kama ni lazima umpe Tumbili, basi mwandikishane, Nyegere awe shahidi, na kadi ya gari ibaki kwetu mpaka gunia la mwisho."

"Nimwandikishe mtani? Kijiweni watanionaje? Mimi naona haya, Mama Siwatu."

Akaona haya. Hilo ndilo lililomponza, jamani, wala si jingine.

Nyegere akaambiwa gari limepata mtu, akaenda zake. Tumbili akaleta gunia moja, akapanda gari. Tu-tu-tu, vruum! Akaenda hatua kumi, akarudi kinyumenyume. "Mtani, Mbwa Mwitu wa kizuizi cha barabarani anadai kadi. Nipe niwe nayo. Jina tutabadilisha nikimaliza kulipa."

Akampa! Kadi yenye jina lake mwenyewe, akampa.

Mwezi ukaandama. Kakakuona akatembea, kutu-kutu-kutu, mpaka kijiweni.

"Mtani, nimekuja."

"Umekuja kuzikwa? Kaburi bado sijachimba!"

Kwa! Kwa! Kwa! Kijiwe kizima kikacheka. Kakakuona naye akacheka. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi ukaandama tena. Akatembea, kutu-kutu-kutu.

"Mtani, lile gunia..."

"Jamani, mtazameni huyu! Babu yake alimla mbuzi wa babu yangu, na leo yeye ndiye anadai!"

Kwa! Kwa! Kwa! Kakakuona akacheka, moyo unamuuma. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa tatu Tumbili hakushuka hata garini. "Gari lako bovu, mtani. Nimelitengeneza kwa magunia mawili. Wewe ndiye unayedaiwa." Anatania au hatanii? Hakuna aliyejua. Wakacheka tu. Kakakuona akacheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko. Nyumbani lile gunia moja lilikuwa limefika nusu. Mama Siwatu alikuwa anampa mtoto, anampa mume, yeye anasema ameshiba.

Siku ya siku, hodi! Nyegere amesimama mlangoni, mkononi kashika kipande cha mzinga.

"Gari lako limevunja mizinga yangu sita, likaingia korongoni. Limekuwa chuma chakavu. Dereva karuka mtini, katoroka, sura sikuiona. Ndani nimeokota kadi. Jina ni lako."

Wakaenda barazani kwa Mzee Nyati.

"Kakakuona, gari ni la nani?"

"Nilimuuzia Tumbili, Mzee wangu. Kwa mafungu, gunia la kwanza alileta."

Tumbili akashika kifua. "Mimi nimenunua? Aliniazima, Mzee! Sisi watani, chake changu, changu chake. Asubuhi ya ajali nililirudisha palepale mlangoni kwake."

"Na gunia alilokuletea?" Nyati akamuuliza Kakakuona.

"La mtoto hilo!" Tumbili akadakia. "Zawadi ya kumwona Siwatu!"

"Kakakuona, una maandishi?"

"Sina, Mzee."

"Shahidi?"

"Alikuwapo mke wangu."

"Wa nje ya nyumba yako?"

"Hakuna. Niliona haya kumwita."

Kwa! Kwa! Kwa! Baraza zima. Safari hii Kakakuona hakucheka.

Mnacheka? Nami nilicheka nilipohadithiwa mara ya kwanza. Kisha nikaikumbuka pikipiki yangu na shemeji mmoja hivi, nikanyamaza. Tuendelee.

Nyati akasema, "Mimi nahukumu kwa ninachokiona. Kadi ina jina lako. Mlipe Nyegere mizinga yake."

Walipe nini? Lipo nusu gunia tu. Nyegere akaja kulichukua. Hakumtazama usoni. "Mizinga ndiyo shamba langu, bwana," akasema taratibu. "Nami ningekupa saba." Akajitwika, akaenda.

Mama Siwatu hakufoka. Heri angefoka! Aliketi, mtoto kamlaza mkiani, akauliza neno moja tu.

"Baba Siwatu, mtoto atakula nini?"

Kakakuona hakuthubutu kumtazama mkewe. Aibu ilimshika kuanzia miguuni. Akainamisha kichwa, akakificha tumboni. Akavuta miguu. Akauzungusha mkia, akajifunika. Akawa duara la magamba, halina uso.

Siwatu akashuka, akamgonga mgongoni. Ko, ko, ko. "Baba, toka. Nina njaa."

Baba hakutoka.

Mpaka leo Kakakuona yuko hivyo. Mguse kidogo tu, anajikunja. Watu husema anaogopa. Haogopi. Anadhani umekuja kumuuliza lile swali.

Basi nyie mnaouziana magari huku mnachekeana, nawaambia wazi. Ukiuza gari kwa mafungu, andikishaneni, awepo shahidi, na kadi usiitoe mpaka fungu la mwisho, hata kama mnunuzi ni mtani, shemeji au rafiki. Kumwandikisha mtu ni aibu ya mchana mmoja. Kumtazama mwanao mwenye njaa ni aibu isiyokwisha.

Yangu ndiyo hayo, hadithi nimeitua hapa. Na wewe unayetazama chini pale nyuma, sijakutaja jina.